Siku Tulipoliaga Gari la Baba Mkwe

Mama mwenzangu, hebu chungulia dirishani. Je, uani kwenu kuna gari ambalo halijatembea tangu mtoto wako wa mwisho azaliwe? Pengine limewekwa juu ya mawe, matairi yameondolewa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, nawe umezoea kuanika nguo juu ya paa lake. Ukimwuliza baba watoto gari litaondoka lini, anakujibu, "Nitalitengeneza." Jibu hilo ulilisikia mwaka jana na mwaka juzi, na sasa umechoka kuuliza.

Mimi niliishi na gari la namna hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Napenda kukusimulia jinsi lilivyoingia katika ukoo wetu, jinsi lilivyokaribia kutuletea msiba, na jinsi hatimaye tulivyoliaga. Kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi, nitaeleza pia madhara ambayo gari bovu huweza kuleta nyumbani, maana mengi kati ya hayo huzuilika.

Simba wa baba mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa bwana shamba wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Mwaka 1981 alinunua gari aina ya Peugeot 504, stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha ilikuwa ngumu, na mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba kulikuwa na vizuizi vya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Mtu aliyemiliki gari kijijini wakati huo alijulikana na kila mtu.

Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye iliunganishwa pia Kenya na Nigeria. Wazee wetu waliipenda kwa sababu ilikuwa juu kidogo, ilivumilia mashimo, na fundi wa kawaida aliweza kuifungua na kuifunga tena. Mbio za magari za Safari Rally ziliipa jina kubwa, kwani ilishinda mwaka 1975 na tena 1978. Kabla yake, dada yake wa zamani, Peugeot 404, alikuwa amempa ushindi mfululizo wa mwaka 1966 na 1967 dereva Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Ndiyo maana baba mkwe hakuchoka kuisifu. Kwa kuwa nembo ya Peugeot ni simba, nyumbani kwake gari hilo liliitwa Simba.

Kwenye kadi lilikuwa gari lake, lakini kwa kazi lilikuwa gari la kijiji. Lilibeba mbegu, lilibeba kwaya, na zaidi ya yote lilibeba wagonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku wa manane, mumewe alikwenda kugonga kwa bwana shamba. Mwaka 2003 nilipoolewa, Simba ndiye aliyenipeleka kwa mume wangu, amefungwa kanga na maua ya karatasi. Mwaka 2004 mimi mwenyewe nilishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, tukiwa tumekwenda kuwasalimu wazee. Mvua ilikuwa inanyesha, na taa moja tu ya mbele ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Mzee aliendesha mwenyewe, polepole, akiongea na gari lake kama mtu anavyoongea na ng'ombe wa kukokota jembe. Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa changu mapajani mwa mama mkwe. Tulipofika hospitali haikupita nusu saa, binti yetu akazaliwa.

Mzee alifariki mwaka 2006. Viti vya nyuma vilikunjwa, na jeneza lake likasafiri ndani ya gari lake mwenyewe. Mume wangu, akiwa mtoto wa kwanza wa kiume, alikabidhiwa funguo mbele ya ukoo.

Lilipokata pumzi

Mwaka 2010 mume wangu alikuwa anatoka Kilosa kurudi nyumbani Morogoro mjini. Karibu na Dumila moshi mweupe ulitoka chini ya boneti na gari likazimika. Fundi alipofungua alikuta maji yameisha, injini imechemka, na silinda hedi imepasuka. Tangu magari ya Kijapani yaliyotumika yalipoanza kumiminika nchini miaka ya tisini, spea za Peugeot za aina ile zilikuwa zimeadimika na bei yake imepanda. Fedha zilizotakiwa kulifufua zililingana na karo ya mwaka mzima ya wadogo zake wawili tuliokuwa tunawasomesha. Tulichagua karo. Simba akakokotwa mpaka nyumbani, akapandishwa juu ya mawe chini ya mwarobaini.

Miezi ya mwanzo mume wangu alikuwa akiliosha kila Jumamosi, akiingia na kukaa kwenye usukani kidogo, kisha akatoka bila kusema neno. Baadaye alilifunika turubai. Turubai likachanika. Mwisho hata kulitazama aliacha, lakini ole wako umtajie kuliuza.

Kosa langu

Hapa sina budi kukiri kosa. Mwaka 2015 mume wangu alisafiri kikazi kwenda Dodoma kwa wiki moja. Nilikuwa nimechoshwa na panya, majani na aibu ya wageni. Nikawaita vijana wanaonunua vyuma chakavu, tukapatana bei kwa kilo, wakaanza kazi. Siku ya kwanza waliondoka na boneti na radieta, wakaahidi kurudi kesho na lori. Kesho yake alfajiri mume wangu alifika, siku mbili kabla ya siku aliyopanga.

Hakupiga kelele. Alilizunguka gari mara moja, akarudi barazani akasema, "Mke wangu, umemuuza baba yangu kwa kilo?"

Vijana wale tuliwarudisha njiani. Kwa wiki mbili tulikula meza moja bila maongezi. Moyoni nilikuwa nanung'unika kwamba mwanamume mzima anagombana na mkewe kwa ajili ya chuma. Nilimweleza mama mmoja mtu mzima katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, nikitegemea ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, ulitaka gari liondoke, au ulitaka kushinda?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba mume wangu msamaha, naye alinisamehe. Lakini baada ya hapo nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nilinyamaza kabisa. Nikiwa muuguzi nilifahamu kuwa gari lile ni hatari, lakini kwa kuwa nilikuwa nimemkosea, nilijiona sina tena haki ya kusema. Nilinyamaza hivyo kwa karibu miaka sita.

Mchana wa Februari

Februari 2021 nilikuwa zamu ya usiku. Nilirudi asubuhi, nikafua, nikala, nikalala. Mtaani watoto walikuwa wanacheza kombolela. Mwezi mmoja nyuma matawi ya mwarobaini yalikuwa yamekatwa kwa sababu yaligusa nyaya za umeme, hivyo gari halikuwa tena kivulini. Milango yake ya mbele ilikuwa imefungwa kwa waya kwa nje maana komeo zililegea. Ya nyuma ilifunguka kwa nje tu. Mikono ya ndani ilikwisha kuvunjika.

Mtoto wa jirani, mvulana wa miaka minne, aliingia kwa mlango wa nyuma ajifiche, akauvuta ukafunga.

Yapata saa saba mchana aligonga msichana mmoja mdogo. "Shikamoo mama. Tumemkosa mwenzetu, tumemtafuta sana." Nilitoka nikiwa na usingizi. Niliangalia jikoni, nikaangalia nyuma ya tangi la maji. Kisha nikaona alama za viganja kwenye vumbi la kioo, kwa ndani.

Nilipofungua, joto lililonipiga usoni lilikuwa kama la tanuri la mkate. Mtoto alikuwa amejikunja sakafuni kati ya viti. Ngozi yake ilikuwa ya moto na imekauka, midomo imepasuka, nami nilipomwita kwa jina macho yalifunguka bila kunitambua. Nilimbeba mpaka barazani kivulini, nikamvua nguo zote, nikammwagia maji ya mtungi mwilini, huku binti yangu akimpepea kwa ungo. Sikumnywesha kitu kwa sababu hakuwa na fahamu kamili na angeweza kupaliwa. Tulimfunga kanga iliyoloweshwa, tukapanda bajaji, nikaendelea kumlowesha njia nzima mpaka hospitali. Kwa kadiri watoto walivyosimulia, alikaa ndani ya gari kama nusu saa hivi.

Alipona. Alilazwa siku mbili, na leo ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Mama yake hakunilaumu. Usiku wa kwanza, tukiwa kando ya kitanda, alinishika mkono akasema, "Dada, mwanangu amepona, namshukuru Mungu. Lakini lile gari, dada..." Hakumaliza.

Alichonieleza usiku ule

Niliporudi nilimkuta mume wangu amekaa gizani. Nilijiandaa kumsikia akisema ni bahati mbaya tu. Badala yake alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulitamka kwa miaka kumi na mmoja.

Alisema siku ile ya Dumila aliuona mshale wa joto ukipanda mapema. Baba yake alikuwa na desturi ya kusimama kila baada ya mwendo fulani, kufungua boneti na kuangalia maji, hata kama abiria wananung'unika. Yeye hakusimama, kwa kuwa alitaka kufika kabla ya giza. "Baba alilitunza miaka ishirini na mitano," alisema. "Mimi nililiua kwa haraka ya nusu saa. Nilitaka nilifufue kwanza, ndipo niseme nimelitunza."

Kumbe kilichokuwa kimelishikilia gari lile juu ya mawe ni aibu ya mtoto mbele ya baba yake. Mimi nilikuwa nimeiita ukaidi. Nami nikamwambia ya kwangu, kwamba nilijua hatari na nikanyamaza. Usiku ule hatukuwa na haja ya kubishana tena. Alfajiri, kabla ya chai, alichukua nyundo na misumari akakongomelea mbao kwenye milango yote, wakati tukisubiri kuwaita ndugu.

Hatari zilizojificha kwenye gari bovu

Kabla sijakueleza tulivyoagana nalo, nipe nafasi nivae sare yangu ya kazi kidogo.

Joto. Gari lililofungwa na kuachwa juani, joto la ndani huweza kupanda nyuzi 10 katika dakika 10 za kwanza, na nyuzi 20 hivi katika muda wa saa moja. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu mpaka tano haraka kuliko wa mtu mzima. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo, mtoe kivulini, mvue nguo, mloweshe maji, mpepee, na mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpoza. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Kama hana fahamu, mlaze ubavu na usimpe chochote mdomoni.

Maji yaliyotuama. Tairi la zamani likishika maji ya mvua huwa nyumba ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa maji yakirudi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengue asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Apewe parasetamoli kwa kipimo sahihi na apelekwe kupimwa.

Betri. Ndani yake kuna tindikali inayounguza ngozi na macho, pamoja na madini ya risasi ambayo huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila dalili za haraka. Usimruhusu mtu yeyote kuvunja wala kuyeyusha betri uani kwako. Mjini Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, mama mmoja aitwaye Phyllis Omido alikuwa mtumishi wa kiwanda kilichoyeyusha betri za magari. Mwanawe alipougua alikutwa na risasi katika damu. Mama huyo alisimama kuwatetea wakazi wa mtaa mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Yaliyomkuta yanatosha kutuonya.

Mafuta na oili. Petroli au mafuta ya breki yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto hudhani ni soda. Akinywa, usimtapishe, kwa maana yakipita kwenye mapafu yatamdhuru zaidi; mpeleke hospitali pamoja na ile chupa. Tena nimeona akina mama wakipaka oili chafu kwenye vidonda na mba za watoto. Oili chafu si dawa. Tafadhali acheni.

Vyuma vikali. Jeraha la bati lenye kutu huogopesha kwa sababu ya uchafu wa udongo unaobeba vijidudu vya pepopunda. Lioshe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo. Usisahau pia kwamba nyoka na nge hupenda mahali penye giza na pasipoguswa, na gari bovu huwapa vyote viwili.

Jinsi ya kuliaga bila kuumizana

Kutokana na makosa yetu wenyewe tumejifunza mambo machache ambayo yafaa kuwagawia wengine.

Kwanza, usiuze kwa siri. Hata kama una haki kabisa, utaondoa gari na kuacha kidonda. Tafuta wakati mume wako ametulia, umwombe akusimulie habari za gari hilo. Msikilize kwanza, kisha mweleze hatari za watoto kwa utaratibu, bila kejeli.

Pili, wakati mnasubiri uamuzi, fungeni milango na buti imara, toeni betri, mwageni maji yote yaliyotuama, na toboeni au funikeni matairi. Kazi hiyo haihitaji kikao cha ukoo.

Tatu, angalieni jina kwenye kadi. Gari letu lilikuwa bado katika jina la marehemu. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi, na mwenye mamlaka ya kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Ndugu wasiposhirikishwa leo, watauliza kesho. Kwetu shemeji yangu ndiye aliyekuwa msimamizi, naye alitia sahihi.

Nne, fikeni ofisi ya TRA mkaulize utaratibu wa kulifuta gari kwenye daftari la usajili, ili lisibaki katika jina lenu wakati halipo tena. Wengine huogopa kwenda kwa kuhofia ada ya kila mwaka ya leseni ya gari. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Msiuze gari likiwa na namba zake na kadi yake mkononi mwa mtu msiyemfahamu.

Tano, mnunuzi awe mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni, nanyi mwandikishiane mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla ya kuuza kwa kilo, mwiteni fundi wa zamani. Huenda gia, vioo au taa zinamfaa mwenye gari kama hilo ambalo bado linatembea.

Sita, watoto wawepo. Gari likiondoka wakiwa shuleni, watarudi na kukuta shimo bila maelezo.

Siku yenyewe

Tulipanga Jumamosi moja ya mwezi Aprili. Wadogo zake mume wangu walifika wote, wakiwemo wale wawili waliosoma kwa karo ile. Shangazi yao, dada wa marehemu, alitoka Kilosa na kuku wawili mkononi kana kwamba anakuja harusini. Jirani yangu naye alikuja na mwanawe, tena kwa hiari yake.

Mume wangu aling'oa mbao, tukaanza kutoa vilivyomo. Chini ya viti tulipata sarafu za zamani, kibanio cha nywele, kishikizo cha joho la kwaya, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho shangazi alikitambua. Kisha mume wangu akafungua kidroo cha dashibodi, akatoa kaunta buku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Panya walikuwa wametafuna pembe zake, lakini maandishi yalisomeka.

Lilikuwa daftari la safari la baba yake. Kila safari ilikuwa na tarehe, mahali, lita za mafuta, na aliyebebwa. Tulikaa chini ya mwarobaini akatusomea. Kila jina lililotajwa, shangazi alisema, "Huyo yupo, ana wajukuu," au, "Huyo alitangulia." Safari za hospitali peke yake tulihesabu 47. Alipofika mwaka 2004 sauti yake ilikwama, akanipa daftari nisome mwenyewe. Mzee alikuwa ameandika: "Mkwe wangu, hospitali. Lita 6. Mtoto wa kike. Tumshukuru Mungu."

Shangazi alimgeukia mume wangu. Alikuwa amekwisha kuelezwa habari za Dumila. Akamwambia, "Baba yako aliunguza injini ya gari hili mwaka 1988, akatukataza tusiwaambie watoto. Kalale usingizi, mwanangu." Tukacheka wote, naye akacheka huku anajifuta macho kwa kiwiko.

Lori lenye kreni lilifika saa nane. Mume wangu aliomba dakika moja. Aliing'oa nembo ya simba kwa bisibisi, akaiweka mfukoni, akapigapiga paa kwa kiganja kama tunavyomwaga mtu anayepanda basi. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja lilinyanyuliwa likaning'inia, udongo na majani yakidondoka, na viota viwili vya panya pia. Watoto walipunga mikono mpaka lori likakata kona.

Fedha iliyopatikana haikuwa kubwa. Kwanza tulimrudishia jirani gharama za hospitali. Iliyobaki ndugu walikubaliana ikajengee vizuri kaburi la mzee, na kazi hiyo ilikamilika mwaka huohuo. Nembo ya simba imepigiliwa kwenye ubao sebuleni kwetu, kando ya picha yake, na daftari liko kabatini ndani ya mfuko mpya.

Mahali pale uani tulichimba na kuondoa udongo uliolowa oili. Sikupanda mchicha, kwa kuwa siamini udongo ule kwa chakula, nilipanda maua. Mwarobaini umechipua matawi mapya, na jioni watoto wa mtaa hucheza kombolela hapo. Yule mvulana ndiye anayependa kuhesabu, uso kwenye gogo la mti, wenzake wakijificha mahali ambapo sote tunapaona.

Mama mwenzangu, kama gari lenu bado liko juu ya mawe, leo hii kabla jua halijazama nenda ukafunge milango yake. Kisha usiku, baba watoto akishakula, usimwulize litaondoka lini. Mwulize kwanza lilimbeba nani.